Kabla Mlango Haujafungwa: Namna ya Kusimama na Mhusika Aliye Njia Panda

Walimu wenzetu wa fasihi, viongozi wa vikundi vya kusoma, na ninyi vijana wa maigizo mliokuja na daftari zenu, karibuni. Mada tuliyopewa ni moja. Msomaji anapokutana na mhusika ambaye lazima aamue, na uamuzi wake hauna kurudi, amsogelee vipi? Amwone kuwa ni yeye mwenyewe? Amhukumu? Amhurumie, kisha afunge kitabu?

Tuanze na jambo lililotokea kweli. Mnamo 1880, mwigizaji maarufu wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, alitakiwa kuigiza nafasi ya Nora Helmer katika tamthiliya ya Henrik Ibsen, mwandishi wa Norwe, ile ambayo kwa Kiswahili tungeiita Nyumba ya Mwanasesere. Kazi yenyewe ilikuwa bado ya moto: ilichapishwa Copenhagen mwanzoni mwa Desemba 1879, na tarehe 21 ya mwezi huohuo ikapanda jukwaani katika mji huohuo. Mwishoni Nora anamwacha mumewe na watoto wao watatu, anatoka, na hadhira inasikia mlango wa nje ukifungwa kwa kishindo. Niemann-Raabe akagoma kuuigiza mwisho huo. Hoja yake ilikuwa fupi: yeye asingeweza kamwe kuwaacha watoto wake. Wakati ule kazi za Ibsen hazikuwa na ulinzi wa hakimiliki Ujerumani, kwa hiyo mtu yeyote angeweza kuubadili mwisho apendavyo. Ibsen akaona afadhali auharibu kwa mkono wake mwenyewe kuliko kuharibiwa na mwingine. Akaandika mwisho wa pili: mume, Helmer, anamvuta Nora hadi kwenye mlango wa chumba walimolala watoto, Nora anaishiwa nguvu, anaporomoka, pazia linashuka. Baadaye aliandika gazetini kwamba badiliko hilo ni ukatili wa kishenzi dhidi ya tamthiliya yake.

Tusimbeze mama huyu. Alichokifanya ndicho kinachofanyika kila wiki madarasani mwetu. Alijibu kwa moyo safi swali tunalowauliza wanafunzi bila kufikiri: "Ungekuwa wewe, ungefanya nini?" Jibu lake lilikuwa la kweli. Swali ndilo bovu. Linamnyanyua mhusika kitini na kumkalisha msomaji palepale, na kuanzia hapo hatumsikii tena aliyetuita.

Swali tunalopendekeza limegeuzwa. Ningehitaji kuwa na nini, kukosa nini, kujua nini na kuogopa nini, ili na mimi nifanye alivyofanya yeye? Liandikeni hilo juu ya ukurasa. Mengine yote mtakayoyasikia mchana huu ni namna ya kulifanyia kazi.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Barazani methali hiyo hutumika kufunga mazungumzo: hujui, basi nyamaza. Sisi wa fasihi tuichukue kama maelekezo ya kazi. Kama ni kunguni, wahesabiwe. Mwandishi anayeijua kazi yake amekwisha kuwaweka kitandani, mmoja mmoja, na kila mmoja ana ukurasa wake.

Jambo la kwanza ni mahali pa kusimama. Kundi lisome hadi mstari wa mwisho kabla ya uamuzi, kisha vitabu vifungwe. Hili halikuletwa na walimu wa vyuo. Wasimulizi wa ngano wamelifanya tangu zamani: kile kisa cha ndugu watatu, mmoja ana kioo kinachoonyesha ya mbali, wa pili ana zulia liendalo angani, wa tatu ana dawa, wakamwokoa binti mmoja kwa pamoja. Msimulizi anafika pale, ananyamaza, anawageukia wasikilizaji: haya, binti ni wa nani? Mtanziko unakabidhiwa hadhira ukiwa bado mbichi. Tukiwapa wanafunzi uamuzi ambao tayari umefanywa, tumewapa kitu cha kusifu au kulaumu, basi.

Kikwazo ni kwamba vitabu vyetu vingi vya darasani vinajulikana mwisho wake kabla havijafunguliwa. Kaka amemsimulia mdogo wake, au muhtasari umepita kwenye simu. Usiwakatalie. Waambie wazi: ndiyo, tunajua anakoenda, lakini leo tunaandika yale tu ambayo yeye anayajua akiwa kwenye ukurasa huu. Anayeleta jambo la kurasa za mbele anaombwa alirudishe mfukoni mpaka tufike.

Hesabu yenyewe hufanywa hivi. Karatasi moja ya A4 kwa kila watu wanne, imelazwa, imepigwa mistari kupata safu tano. Safu ya kwanza ni anachojua. Ya pili ni anachodhani anajua. Ya tatu, alichonacho mkononi: fedha, nyaraka, ufunguo, pahala pa kulala. Ya nne, watu: nani anamtegemea, nani anamdai, nani atamfungulia mlango akibisha. Ya tano, muda aliobakiwa nao. Kila kinachoandikwa kiwe na namba ya ukurasa pembeni. Kisicho na ukurasa kinafutwa, hata kama kinaonekana kweli tupu. Kanuni hii ya ukurasa ndiyo inayowaudhi wanafunzi mwanzoni, na ndiyo inayowafundisha zaidi, kwa sababu wanagundua ni kiasi gani cha maisha yao wenyewe walikuwa wamekimimina ndani ya kitabu bila kujua.

Tumpitishe Nora humo.

Alikopa krone 4,800 kwa siri ili ampeleke mumewe Italia, kwa kuwa madaktari walisema bila hivyo atakufa. Mume hakujua hilo, wala hakujua ugonjwa wake ulikuwa mzito kiasi gani. Kwa ajili ya mkopo huo ilitakiwa sahihi ya baba yake Nora kama mdhamini, naye Nora akaitia mwenyewe. Baba alifariki tarehe 29 Septemba; sahihi ina tarehe 2 Oktoba. Marehemu amedhamini mkopo siku tatu baada ya kufa. Mkopeshaji, Krogstad, ameliona hilo, na ndiye anayemweleza Nora kwamba sheria haiangalii nia ya mtu. Nora anashangaa kwa dhati. Haamini kwamba pana sheria inayomkataza binti kumpunguzia baba yake mahangaiko akiwa kitandani, au mke kumwokoa mumewe. Hiyo ni safu ya kwanza, na tayari msomaji anaona huyu si mjinga. Ni mtu aliyefungiwa nje ya elimu fulani.

Safu ya pili ndiyo yenye thamani kuliko zote. Watu wengi huiruka. Nora anadhani anajua mumewe atafanya nini siri ikifichuka: atasimama mbele ya watu na kusema kosa ni langu mimi. Anauita huo muujiza. Anautamani na kuuogopa kwa wakati mmoja, maana hataki mumewe abebe mzigo huo, na yuko tayari kufa ili asiubebe. Mhusika yeyote aliye njia panda ana kitu cha namna hii, jambo ambalo ameliegemea bila kulipima. Likipatikana, nusu ya kazi imekwisha.

Muda. Mwishoni mwa sehemu ya pili Nora anaangalia saa: ni kumi na moja jioni. Anahesabu: masaa 7 hadi usiku wa manane, kisha 24 mengine hadi usiku wa manane wa kesho, ngoma ya tarantella itakapokuwa imekwisha. Jumla 31. Lakini masaa hayo ameyahesabu kama masaa ya kuishi. Wakati ule uamuzi ulio mbele yake ni kujitoa uhai, wala si kuondoka nyumbani. Msomaji anayekimbilia mlango wa mwisho anasahau kwamba palikuwa na mlango mwingine kabla yake. Tutalirudia hili, kwa sababu lina uzito wake darasani.

Sasa watu. Watoto ni watatu: Ivar, Bob na Emmy. Yaya wao ni Anne-Marie, aliyemlea Nora mwenyewe tangu utotoni. Na huyu Anne-Marie, ili apate kazi ya kumlea Nora, alilazimika kumwacha mtoto wake wa kumzaa kwa watu wengine. Yupo ndani ya nyumba hiyohiyo, anapita na vitu mikononi, na tamthiliya inamuuliza waziwazi ilikuwaje akaweza. Mwanafunzi akisema hakuna mama awezaye kuwaacha watoto wake, mwonyeshe ukurasa wa Anne-Marie. Umaskini ulimwachisha yule mtoto wake na hakuna aliyeshtuka.

Na alichonacho mkononi, siku ya kutoka? Pete ya mume amemrudishia, na yake ameichukua. Funguo ameziacha. Ana mkoba mdogo. Ana pahala pa kulala usiku mmoja, kwa rafiki yake Kristine Linde. Kesho yake atarudi mji aliotoka. Msaada wa mume ameukataa. Tukumbuke pia kwamba, kama Kristine anavyomwambia mapema, mke hawezi kukopa bila idhini ya mumewe. Wanawake walioolewa wa Norwe walitambuliwa kuwa watu wazima kisheria mwaka 1888, miaka 9 baada ya tamthiliya kutoka.

Hapa pana mtego unaotunasa sisi wasomaji wa Kiswahili hasa. Tukisoma kwamba mwanamke "anarudi kwao", akili inamjengea mara moja nyumba ya wazazi, shangazi anayempokea mzigo, wajomba, kikao cha ukoo cha kusuluhisha, labda na mahari ya kurudishwa. Tunamjazia watu. Nora hana hata mmoja wa hao. Baba amekufa, mama hatajwi kuwa hai, anarudi kwenye mji tu. Kwao kwake hakuna wa kwao. Msomaji anayempa shangazi amempunguzia uamuzi wake robo tatu ya uzito, kisha anashangaa kwa nini Ibsen alipiga kelele sana juu ya jambo dogo. Kwa hiyo kwenye safu ya nne tunashauri kuandika pia wasiokuwepo: nani ungemtarajia hapa, na hayupo?

Baada ya kuhesabu, rudini nyuma. Uamuzi huonekana mlangoni, lakini mara chache hufanyika mlangoni. Anzeni pale mlango unapofungwa, mrudi hatua kwa hatua kutafuta mahali ambapo mambo yangeweza bado kwenda kinyume. Kabla ya mlango kuna meza, Nora amemketisha mumewe upande wa pili, na anamwambia kuwa katika miaka 8 ya ndoa hii ndiyo mara yao ya kwanza kuzungumza kwa uzito. Kabla ya meza, Nora yuko chumbani anavua nguo za sherehe na kuvaa nguo za kila siku, huku mumewe akizungumza peke yake akijisifu jinsi atakavyomtunza chini ya mbawa zake. Kabla ya hapo, barua ya pili ya Krogstad imefika, hati ya mkopo imerudishwa, na Helmer anapaza sauti kwamba ameokoka. Yeye, nafsi ya kwanza, umoja. Dakika chache nyuma, baada ya barua ya kwanza iliyofichua siri, alikuwa amemwita mkewe mnafiki, mwongo na mhalifu, na kumwambia hatamruhusu tena kuwalea watoto.

Uamuzi uko hapo kati ya kelele ya Helmer na mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Nora anasema maneno machache tu. Muujiza haukuja. Ile safu ya pili imevunjika, na kila kitu kilichoegemea juu yake kimeanguka.

Na sasa tunaweza kuona kwa nini mwisho ule wa Ujerumani haukubaliki hata kwa anayewapenda watoto kuliko chochote. Watoto walikuwa ndani ya hesabu tangu ukurasa wa kwanza. Nora aliwajua na kuwapenda, na zaidi alikwisha kuambiwa na mumewe kwamba mama mwongo huwapa watoto sumu, naye akaamini kiasi cha kujitenga nao. Kumpeleka kwenye mlango wa chumba chao hakuongezi kitu kipya katika safu yoyote. Magoti yanalegea kwa sababu iliyo nje ya tamthiliya, yaani kwa sababu ya maisha ya mwigizaji. Hicho ndicho kipimo chetu: mhusika akibadili nia na hakuna mstari mpya kwenye karatasi, ujue aliyebadili nia ni wewe.

Nafasi ya maisha ya msomaji ni ipi, basi? Ipo, na ni kubwa. Lakini inaingia baada ya hesabu, na inaingia kupitia fundo, haiingii kupitia tukio. Tuchukue mfano wa nyumbani.

Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tamthiliya ya 1969, yuko gerezani mikononi mwa Wajerumani. Maji aliyowapa wapiganaji dhidi yao hayakuzuia risasi. Mashaka yalimwingia mapema, pale alipotambua kwamba maneno aliyoyatoa akiwa amepandwa na pepo yalihusu kuwa watu wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, yaani kutoka mkononi mwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine. Watu hawakusubiri mashaka yake. Sasa Kitunda, rafiki yake, anamshauri aseme maji yalikuwa uongo. Mjerumani anataka kulisikia neno hilo tu. Kinjeketile anakataa.

Darasa likiulizwa swali la zamani, linajibu haraka: angesema ukweli tu, mbona anang'ang'ania uongo? Likiulizwa lililogeuzwa, linakwama, na kukwama huko ndiko tunakokutaka. Nini kingenifanya mimi nikatae kusema jambo ambalo mwenyewe nalishuku? Ndipo wanarudi kwenye ukurasa na kuona Kinjeketile ameeleza anachoogopa: akikana maji, kesho yule afisa atawaambia watoto kwamba kupigana kulikuwa kosa, kutaka kujitawala kulikuwa kosa. Kauli mbili zimefungwa kwa kamba moja. Inayodaiwa ni ya kwanza, inayotafutwa ni ya pili.

Hilo ndilo fundo: kukiri kosa dogo ambalo mwenye nguvu atalitumia kuua haki kubwa. Mwanafunzi wa miaka 16 hajawahi kufungwa na Wajerumani, lakini fundo hilo analijua. Wanafunzi wamelalamikia chakula kibovu, kwenye barua wakakosea tarehe moja. Wakikiri tarehe, barua nzima inatupwa. Mfanyakazi anadai malipo yake, hesabu yake ina kosa la elfu mbili, na bosi anataka kuzungumzia hizo elfu mbili tu. Mtu akilitambua fundo hilo katika maisha yake, anamsogelea Kinjeketile akiwa na kitu mkononi, na bado anaweza kusema kwa haki kwamba yeye angekubali kukana. Kumwelewa mhusika hakumlazimishi mtu kukubaliana naye. Anayetafuta tukio linalofanana ataishia kusema "mimi sijawahi kukutana na hali hiyo", kisha atanyamaza kipindi kizima.

Neno moja kwa walimu wa Kilwa, Rufiji na Songea, ambako Maji Maji ni kumbukumbu ya mababu. Mjadala utaelekea kwa Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mtu aliyeishi na akanyongwa mwaka 1905. Mheshimuni, lakini mpeni karatasi yake peke yake. Hussein mwenyewe katika utangulizi aliwatenganisha: mtu wa historia ni mmoja, mhusika aliyebuniwa ni mwingine, ingawa wanafanana. Vivyo hivyo nyuma ya Nora kulikuwa na mtu halisi, Laura Kieler, aliyekopa kwa ajili ya matibabu ya mumewe na kughushi. Yeye hakufunga mlango kwa kishindo; mumewe alimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na baadaye alirudi kwa mumewe na watoto wake. Jina la Nora lilimfuata na kumuumiza. Kuna uchungu wa kweli pale tunapomlazimisha mtu halisi aishi uamuzi wa mhusika.

Muda wa kazi. Kipindi pacha cha dakika 80 kinatosha, mkigawa hivi: dakika 15 kusoma kwa sauti hadi kituo, kurasa nne au tano, zisizidi sita, dakika 20 za safu tano, dakika 10 za kuandika kimya, kila mtu kwenye nusu karatasi yake, kuhusu fundo kama hilo maishani mwake, dakika 20 za swali lililogeuzwa, na 15 za mwisho za kusoma uamuzi wenyewe, mara mbili, kwa sauti za watu tofauti. Kundi liwe la watu 8 hadi 12. Darasa la watu 50 ligawe mara sita, na nakala moja ya kitabu kwa watu watatu inatosha.

Mambo hukwama wapi? Mara nyingi kwenye zile dakika 10. Kiongozi mwenye nia njema anasema, "Haya, nani atatusomea alichoandika?" Mmoja anasoma jambo zito la nyumbani kwao, wa pili anaona aibu kuwa na jepesi hivyo analiongeza chumvi, wa tatu analia, na kufikia saa ya mwisho mhusika amesahauliwa, kikao kimegeuka kitubio, na siku ya pili siri ya mtu inasemwa mtaani. Madhara yake hayarekebishiki kwa kuomba radhi. Kwa hiyo kanuni inatangazwa kabla ya kalamu kugusa karatasi: nusu karatasi hii haisomwi na yeyote, haikusanywi, haitolewi alama. Katika mjadala mtu anazungumzia mhusika. Akitaka kugusa maisha, aseme "kuna mtu ambaye", na asiulizwe ni nani.

Kosa jingine limeletwa na mitihani: mhusika anafaa kuigwa au hafai kuigwa, toa hoja sita. Swali hilo lina mahali pake mwezi wa marudio. Likitangulia, linaua hesabu, kwa kuwa mwanafunzi ataandika kwenye safu yale tu yanayosaidia upande aliouchagua. Na wavulana wanaokaa kimya Nora anapozungumzwa, wapeni wao wasome maneno ya Nora na wasichana wasome ya Helmer. Msiwaeleze sababu. Sauti itafanya kazi.

Sasa lile tuliloahidi. Zipo kazi ambazo uamuzi wa mhusika ni kujitoa uhai. Nora alilifikiria. Rosa wa Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya 1971, alifika huko. Hapo swali letu lililogeuzwa halitumiki, na tunasisitiza hili kuliko yote tuliyosema. Usimwambie kijana atafute ndani yake sababu zinazotosha kumfikisha pale. Badala yake rudisheni kituo nyuma sana: kwa Rosa, simameni pale baba yake Zakaria anapompiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Kisha fanyeni safu ya nne peke yake. Nani yuko karibu? Nani ameona? Ni neno gani lingesemwa, na nani, siku hiyo? Msieleze namna kifo kilivyotokea wala msikiite suluhisho. Mwalimu wa ushauri nasaha ajue mapema siku ya somo hilo, na mwanafunzi atakayenyamaza kwa namna isiyo ya kawaida atafutwe faraghani siku hiyohiyo, isingoje kesho.

Kwa waigizaji ni machache. Mnasema kuvaa uhusika, na usemi huo ni mzuri kwa sababu nguo huvaliwa juu ya mwili, haiubadilishi mwili. Anayeigiza Nora afanye mazoezi na vitu halisi: pete inayobana kidogo, funguo zenye uzito, mkoba. Pete inayobana huchukua sekunde kadhaa kutoka kidoleni, na katika sekunde hizo hadhira nzima inahesabu pamoja naye. Pete ya plastiki inayodondoka yenyewe imeharibu onyesho hilo mara nyingi. Mwigizaji akimwambia mwongozaji "mimi nisingefanya hivi", mwongozaji asibishane naye na wala asikubali. Ampe ile karatasi ya safu tano amwambie aonyeshe mstari unaokosekana. Mara nyingi ataukuta, na ataigiza vizuri zaidi kwa kuwa alipinga.

Nakala za Kinjeketile ziko mezani, moja kwa watu watatu, na karatasi zimeshapigwa mistari. Kaeni wanane wanane, waliokuja pamoja watengane. Tusome onyesho la gerezani hadi pale Kitunda anapomaliza kumshauri akane. Hapo tufunge vitabu.